Chungu wa Nabii Sulaiman na Chungu wa Naivasha

Juzi baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi barazani nikipunga upepo, akaja mpwa wangu, kijana wa miaka 17, simu mkononi. Akanisalimu, "Shikamoo mjomba," nikamwitikia, akakaa kitako. Nikajua ana neno, kwani vijana wa siku hizi hawakai na wazee bure. Akaniuliza, "Mjomba, hivi ni kweli kwamba chungu mmoja huuzwa zaidi ya shilingi 20,000 huko Ulaya?" Nikamwambia ni kweli, nimesoma. Akanyamaza kidogo, kisha akalitoa lile lililomleta: "Sasa hawa wetu, wanaoruka mvua ikinyesha, wao hawanunuliwi?"

Sikumjibu usiku ule. Swali lake lilinikamata mahali pabaya, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Leo nataka kumjibu, yeye na wenzake walio na swali hilo moyoni wakaona haya kuliuliza, na wasomaji wa ukurasa huu waniwie radhi nikianza mbali.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, maofisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, waliingia katika nyumba moja ya wageni huko Naivasha wakawakuta vijana wawili wa Kibelgiji, kila mmoja ana umri wa miaka 19, nao wana chungu wapatao 5,000, na wengi wao ni malkia. Wadudu hao walikuwa wametiwa ndani ya mirija zaidi ya 2,000, kila mrija na pamba yake, kwa hesabu kwamba chungu aweza kuishi humo hata miezi miwili, muda wa kutosha kumvusha bahari na kumfikisha kwa mnunuzi. Katika kesi nyingine ya siku zile zile walishtakiwa Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja, nao walikutwa na mamia ya chungu. Tarehe 7 Mei mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mtu, ama kifungo cha miezi 12. Wale vijana wa Kibelgiji walisema kwamba wao ni wapenzi wa chungu tu, na kwamba hawakujua kuwa kuwachukua ni kosa.

Nchi nzima ilicheka. Palitungwa mizaha ya kila namna: kwamba tumezoea kusikia pembe za ndovu na za faru, sasa tumefikia kushika watu kwa ajili ya chungu, kwamba kama chungu ni mali, basi mabakuli yetu ya sukari yana utajiri usio kifani. Mimi sikucheka, na si kwa sababu ya uzee. Jambo la kwanza lililoniudhi lilikuwa jina. Huyu anaandika siafu, huyu anaandika mchwa, huyu sisimizi, na mwingine, kwa kutaka kuwa salama, akaandika "wadudu" akanyamaza. Ndugu zangu, lugha yetu si maskini kiasi hicho. Mchwa si chungu hata kidogo. Mchwa ndiye alaye miti ya nyumba na kujenga kichuguu, na wanawe wenye mbawa ndio kumbikumbi. Sisimizi ni yule mdogo anayepanda mezani kutafuta sukari. Sungusungu ni mweusi, na uchungu wake hausahauliki. Maji moto ni yule mwekundu wa mwembeni. Siafu kila mtu amjua, na asiyemjua atajuana naye siku moja usiku. Na chungu ni jina linalowakusanya, na ndilo jina ambalo wazee wetu walilitumia walipofasiri neno la Kiarabu naml. Lakini chungu pia ni cha kupikia, na kitu kisicho kitamu ni kichungu, na vitu vikiwa vingi ni chungu nzima. Nadhani ndiyo maana waandishi wetu walilikimbia neno lenyewe.

Basi chungu wa Naivasha ni yupi? Ni chungu mvunaji, yule aishiye katika nyanda za majani na kukusanya mbegu. Kwa Kilatini aitwa Messor cephalotes, na jina hilo alipewa na mtaalamu wa Kitaliano, Carlo Emery, mwaka 1895. Messor maana yake ni mvunaji, na cephalotes ni kwa ajili ya kichwa chake, maana wale wakubwa miongoni mwa vibarua wake wana kichwa ambacho ukikitazama utashangaa shingo inakichukua vipi. Malkia wake hupita urefu wa sentimita mbili. Ni mwekundu wa udongo na hudhurungi ya kuiva, mzito, ana mng'ao kama mti uliopigwa msasa. Nakiri kwamba ni mdudu mzuri. Yule asiyeuona uzuri huo hawezi kuielewa kesi hii, atadhani ni wazimu wa Wazungu.

Kule ng'ambo wapo watu wazima na watoto wanaofuga chungu katika vijumba vya kioo. Mtu hununua malkia mmoja aliyekwisha kupandwa, akamweka gizani, akasubiri. Malkia huyo alipanda angani siku moja tu katika umri wake, mvua iliponyesha, akakutana na madume, kisha akashuka, akazikata mbawa zake mwenyewe, kwani hana kazi nazo tena. Mbegu alizozipokea siku ile huziweka mwilini na kuzitumia maisha yake yote. Hujichimbia shimo akajifungia ndani, hali wala hanywi, hulea wanawe wa kwanza kwa nguvu anazozitoa katika nyama za mabega yaliyokuwa yakipiga zile mbawa. Akiruzukiwa umri huishi miaka mingi. Malkia mmoja wa chungu weusi wa Ulaya aliishi karibu miaka 29 akifugwa. Madume kwa upande wao hufa papo kwa papo, na vibarua wote utakaowaona wakibeba na kuchimba na kupigana ni wanawake. Mtu akiyatazama hayo kupitia kioo kila jioni, sishangai akisahau chakula chake.

Sisi Waislamu ndio tungekuwa watu wa mwisho kushangaa. Katika Kurani Tukufu imo sura nzima yenye jina la mdudu huyu, Suratun-Naml, sura ya 27. Kila mtoto aliyepita chuoni akafika juzuu ya 19 anakijua kisa cha Nabii Sulaiman alipofika bonde la chungu na majeshi yake ya majini, watu na ndege, na chungu mmoja akawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakakanyagwa na watu wasiokuwa na habari nao. Mimi tangu utotoni kilichonishika katika kisa hicho si kwamba chungu alisema. Ni kwamba Sulaiman, mwenye ufalme ambao hakupewa mwingine, alisikia, na aliposikia akatabasamu, na kutabasamu kwake kukamtoa katika fahari kumpeleka katika shukrani.

Mwalimu wetu wa nahau alikuwa na ladha yake ya pekee katika aya ile. Alitusimulia kwamba Imamu Abu Hanifa alipokuwa kijana alimuuliza mwanachuoni Qatada kama chungu yule alikuwa mume au mke, na Qatada akakosa la kusema. Abu Hanifa akajibu ni mke, kwani kitenzi kimekuja kwa umbo la kike. Siku hizi nasikia wahubiri wakikitwaa kisa hicho wakasema, mnaona, sayansi imekuja kuthibitisha kwamba vibarua wa chungu ni majike. Ni jambo la kupendeza, lakini mwalimu wangu asingeliruhusu lipite hivi hivi. Wako wajuzi wa lugha waliompinga Abu Hanifa, wakasema alama ile ya kike mwishoni mwa neno ni ya kuonyesha mmoja tu katika wengi, kama vile kondoo mmoja katika kundi, haisemi kitu juu ya jinsi. Kurani haihitaji kupigiwa chapuo kwa hoja dhaifu. Narudi kwenye maneno yangu.

Wanazuoni wa zamani walimtazama chungu kwa macho yao, hawakungoja kuambiwa. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, na baada yake Al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, wote wawili waliandika vitabu vikubwa juu ya wanyama, na chungu ana mahali pake humo. Wameeleza jinsi anavyoipasua nafaka ili isimee ghalani, na kwamba mbegu ya giligilani huipasua vipande vinne kwa kuwa nusu yake huweza kuota. Wataalamu wa leo waliowachunguza chungu wavunaji wamewakuta wakiing'ata ncha ya mbegu inayoanza kuchipua, na mbegu zikilowa huzitoa nje kuzianika juani kisha wakazirudisha. Kwa hiyo yule aliyekamatwa ndani ya mrija Naivasha ni jamaa wa karibu wa yule aliyewashughulisha wanazuoni wetu miaka elfu na zaidi.

Sasa nifikie kwa nini swali la mpwa wangu lilinikamata pabaya. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mvua za masika zilinyesha usiku, na asubuhi nikaokota uani malkia wa chungu, mbawa zake bado anazo, mkubwa kama kokwa ya tende. Sikumbuki alikuwa wa kabila gani. Nikamtia katika chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikaitoboa kifuniko kwa msumari, nikaenda naye chuoni nimemficha ndani ya kanzu. Wenzangu waliniona tajiri. Mmoja alinipa kisu cha kukunja ili nimpe, nikakataa. Nilitaka kuwa na wengi, kila mmoja na chupa yake, nizipange darini mstari mzima. Mwalimu akasikia minong'ono. Hakunipiga, jambo ambalo lilitutia hofu zaidi. Akaiweka chupa mbele yake juu ya marufaa, akatusimulia hadithi ya yule nabii wa kale aliyeumwa na chungu akaamrisha kijiji chao chote kichomwe moto, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa sababu ya mmoja ameuteketeza umma unaomsabihi. Kisha akatwambia kwamba chungu ni katika viumbe vinne ambavyo Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza visiuawe, pamoja na nyuki, hudihudi na ndege mmoja mwingine. Nikamwambia, "Maalim, sijamuua, nampenda." Akaitazama ile chupa kitambo, akasema, "Nimeona unavyompenda."

Saa ya kutoka nilimfungulia chini ya mkungu. Alikuwa haendi vizuri. Nadhani alikufa.

Kwa hiyo sina haki ya kuwacheka vijana wawili wa Kibelgiji, wala ya kumkaripia mpwa wangu. Tamaa ile naijua. Mtu aonapo kitu kizuri hutaka kukitazama, akikitazama hutaka kiwe chake, na kikiwa chake hutaka kumi. Hatua ya kwanza na ya tatu si kitu kimoja, na shida ni kwamba mwenyewe haoni alipovuka.

Hapa Pwani hatukosi majitu ya kutazama bila kuyagusa. Wengi wetu tuliosoma kwa taa tunawakumbuka wale wadudu wa rangi ya kahawia, wenye mbawa na tumbo nene, waliokuwa wakijibamiza kwenye chemni na kuangukia kurasa za msahafu, tukadhani ni nyigu. Si nyigu, ni madume ya siafu. Tusijione wajinga, kwani Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina yao ya kitaalamu, mwaka 1764 alimwandika mmoja wao kuwa nyigu, na wataalamu walichelewa sana kuunganisha dume yule na jeshi lililo ardhini. Malkia wa siafu naye ndiye mkubwa kuliko chungu wote walio hai. Tumbo lake likijaa hufikia sentimita tano, na mayai yake kwa mwezi mmoja huhesabiwa kwa mamilioni. Hana macho wala mbawa. Kuna wazee waliozaliwa na kuzeeka katika mashamba ya siafu na hawajamwona hata mmoja. Bibi yangu siafu walipoingia nyumbani alitutoa nje watoto wote na mikeka yetu, akamwaga jivu mlangoni pa chumba cha mgonjwa tu, akasema waacheni wapite. Asubuhi nyumba haikuwa na mende wala panya wala kunguni.

Na maji moto? Muulize mkwezi yeyote wa Kilifi au Kwale atakutajia maji moto kwa matusi. Wamo katika minazi, wamo katika miembe na mikorosho, wanashona majani kuwa nyumba, na uzi wao ni hariri inayotoka kwa watoto wao wachanga, ambao vibarua huwashika kinywani na kuwapitisha huku na huku kama mfumaji apitishavyo uzi. Mkwezi akifika kileleni humwagika mwilini mwake. Lakini mkwezi huyo huyo atakwambia kwamba mnazi wenye maji moto huzaa vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Kiingereza, M. J. Way, alilichunguza jambo hilo Unguja, akaonyesha kuwa maji moto humfukuza mdudu mmoja anayefyonza nazi changa zikadondoka kabla ya wakati. Mdudu huyo mharibifu akapewa jina la kitaalamu lenye jina la Way ndani yake, kwa kumheshimu. Sina ugomvi na marehemu Way, alifanya kazi yake. Ila huniuma kwamba mkwezi aliyeyajua hayo kabla yake hakuacha jina hata kwa mdudu mmoja, na kwamba mtu akitaka kuuona mkusanyiko wa Carlo Emery, aliyewapa majina chungu wengi wa Afrika, itampasa afunge safari hadi jumba la makumbusho la Genoa.

Hapa sasa ndipo penye shauri lenyewe. Watetezi wa biashara hii wana hoja moja ambayo lazima tuijibu kwa haki. Husema: malkia wanaoruka siku ya mvua ni wengi mno, wengi wao wataliwa na ndege, mijusi na chungu wengine kabla ya jua kuchwa, na katika mamia huenda akasimama mmoja tu; sasa ukiokota waliokwisha kuhesabiwa wafu umeharibu nini? Ni hoja yenye nguvu. Lakini ndege na mjusi hawachagui jinsi mchuuzi anavyochagua. Mchuuzi hutaka jamii moja tu, kubwa na nzuri, huja mahali pale pale msimu hata msimu, na bei ikipanda hatangoja warukao, atachimba mashimo. Chungu mvunaji huyo anapochukua mbegu huziangusha nyingine njiani, na anapochimba huupindua udongo; malisho ya mbuzi na ng'ombe wa watu yanamtegemea kwa namna ambayo mwenye mbuzi hana habari nayo, kama vile jeshi la Sulaiman lisivyokuwa na habari.

Isitoshe, mdudu akisafiri hasafiri bure. Huko Laikipia waliingia chungu wageni, wadogo wenye vichwa vikubwa, wanaosambaa duniani pamoja na mizigo ya watu. Wakawaua chungu wenyeji waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya ndovu. Ndovu wakaivunja migunga, uwanda ukawa wazi, simba wakakosa pa kujificha wanapowavizia punda milia, wakalazimika kuwageukia nyati. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024 na kuushangaza ulimwengu. Fikiri sasa chungu wetu mvunaji ametoroka katika kijumba cha kioo katika nchi yenye mashamba ya ngano na jua kali, naye kazi yake ni kubeba mbegu. Huyo aliyemnunua kwa mapenzi hataweza kumrudisha.

Kuhusu fedha nitasema kwa hesabu ya darasa la nne. Habari za kesi ile zilieleza kwamba malkia mmoja huuzwa Uingereza hata kwa pauni 170. Tuseme nusu wanakufa njiani, na waliobaki wanauzwa kwa nusu ya bei hiyo. Malkia 2,500 kwa pauni 85 ni pauni 212,500, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 35. Na faini ilikuwa milioni moja kwa kila mtu. Sisemi vijana wale wangefungwa. Hakimu alipima umri wao na maneno yao, na ni haki yake. Nasema kwamba mfanyabiashara mzoefu atakayesoma hesabu hiyo hataogopa, ataiandika faini katika gharama zake pamoja na pamba na mirija. Wakati wa kesi ile chungu hawa hawakuwemo hata katika orodha ya kimataifa ya viumbe ambavyo biashara yake inasimamiwa. Sheria yetu ya mwaka 2013 iliwabeba peke yake.

Hakimu, Bi. Njeri Thuku, katika hukumu yake aliyafananisha mambo haya na biashara ya watumwa: kung'olewa kwenu, kupakiwa pamoja na wenzako, kupewa chakula cha kukuweka hai tu mpaka sokoni. Sisi wa Pwani neno hilo hatulipokei kwa wepesi. Wapo miongoni mwetu waliozaliwa na waliouzwa, na wapo waliozaliwa na waliouza, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja. Kwa maoni yangu mfano ule ni mzito kupita kiasi, mwanadamu hafananishwi na chungu. Lakini nilipoisoma ile habari ya pamba na miezi miwili, nilikaa kimya kitambo.

Sasa tuwaambie nini vijana? Kuwaambia "acheni" haitoshi. Kijana wa Gilgil anayepewa mia mbili mia tatu kwa kuokota mdudu aliyetoka shambani kwao hataona kwa nini serikali imzuie, ikiwa serikali yenyewe haina cha kumpa juu ya mdudu huyo. Na mfano tunao hapa hapa kwetu. Pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993 pana mradi wa Kipepeo. Kabla yake wanavijiji wengi waliuona msitu kuwa adui, walitaka ukatwe wapate mashamba. Walipofundishwa kufuga viwavi kwa majani ya msitu na kuuza vifukofuko kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani, kwa kibali na kwa bei inayojulikana, msitu ukawa na watetezi. Hao pia ni wadudu, nao pia husafiri ndani ya masanduku yenye pamba. Tofauti ni kwamba kipepeo yule amelelewa na mtu, hakuibwa porini, na fedha zinarudi kijijini. Kama chungu nao wanawezekana kwa njia hiyo au la ni kazi ya wataalamu kutueleza, nao tunao: kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo Nairobi mwaka 1970 kinajulikana ulimwengu mzima. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kenya imo, unasema wenye viumbe wapate sehemu yao katika faida. Ni maneno mazuri. Kijana wa Gilgil hajayaona.

Tena kukusanya kwenyewe si haramu wala si aibu. Makumbusho yetu ya Taifa yana makabati ya wadudu yaliyokusanywa kwa miaka mingi, na bila makabati hayo tusingejua tulicho nacho. Lakini tazama namna ya mtaalamu. Humchukua chungu mmoja au wachache, akawatia katika spiriti. Kisha humgandisha mdudu juu ya ncha ya kikaratasi cha pembe tatu, akakichoma pini, na chini yake hutia kibandiko kidogo: mahali, tarehe, jina la aliyemwokota. Mdudu asiye na kibandiko, hata awe mkubwa namna gani, kwao hana thamani. Wale 5,000 wa Naivasha hawakuwa na kibandiko hata kimoja.

Ningependa walimu wa shule zetu na wa vyuo vyetu vya Kurani waujaribu mpango huu mdogo: mtoto aandike majina ya chungu wote anaowajua bibi yake, Kimvita, Kiamu, Kipemba, Kigiriama, Kidigo, lugha yoyote, na kando ya kila jina aeleze mdudu mwenyewe anaishi wapi na anakula nini. Bibi hao hawatakaa nasi milele, na majina hayo hayakuandikwa popote. Mtoto atakayefundishwa Suratun-Naml baada ya kazi hiyo ataisoma kwa sikio jingine.

Jana jioni nilimwita mpwa wangu nikampa jibu lake. Nikamwambia wetu hawanunuliwi, na mtu akija kukuuliza bei usimfiche, njoo uniambie. Nikamwambia pia kwamba mvua za masika zitakapoanza nitakuja kumgongea alfajiri, tuchukue kurunzi na daftari, tukae uani tuwahesabu wanaoruka: saa ngapi, wangapi, rangi gani, nani anawala. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na malipo, mjomba?" Nikamwambia atapata kahawa. Akataka kujua kama itakuwa na sukari. Nikamjibu, "Kahawa chungu."